Chumba cha Biliadi

Ramani ilifika Subukia kwa posta, imekunjwa mara nne,
kazi ya mtu asiyewahi kuona jua likipita utosini.
Aliandika: nyumba itazame kusini, ipate joto.
Basi ikatazama kusini.
Nusu ya mwaka jua likaipiga mgongoni,
nusu nyingine usoni,
na Bwana Mluzi (jina lake la kanisani silijui,
babu alimjua kwa mluzi tu)
akawasha moto katika meko yote saba, Januari hadi Desemba.

Babu Gathitu alichonga mawe ya pembeni.
Fundi Kartar alimwonyesha: ukingo uache laini,
katikati paruza, ili nyumba mpya ionekane kongwe.
"Nililipwa kuzeesha jiwe," alikuwa akisema babu.
"Mwenyewe nilizeeka bure."

Ngazi zilikuwa mbili. Ya mbele, pana, ya mtarakwa,
ilipanda ikisitasita kama bibi harusi.
Ya nyuma ilijisokota gizani kutoka jikoni,
vidato vifupi kuliko unyayo wa mtu mzima.
Ilibidi ushuke upande upande.

Mluzi alipokufa nyumba ikamwendea mjane,
mjane akaikabidhi benki, benki ikaipa bodi,
bodi ikaiuzia kampuni ya watu mia mbili na kumi
waliochanga shilingi kwa shilingi, mbuzi kwa mbuzi.
Shamba lilikatika vipande. Nyumba ikawashinda:
nani apewe paa? Dohani ni ya nani?
Wakapiga kura kwa maharagwe ndani ya kofia.
Mama, Nyaguthii wa Gathitu, akatoa jekundu:
chumba cha biliadi, ghorofani.

Meza ilikwisha kwenda na lori.
Zilibaki alama za miguu yake minane sakafuni
na mama akapanga maisha juu yake:
hapa jiko, hapa mtungi, hapa cherehani,
pazia la gunia katikati.
Mimi nilizaliwa alama ya sita,
mkunga akiilaani dari kwa kukaa mbali na taa.

Familia kumi na moja, dohani saba.
Kina Ndirangu wakipika ukumbini, tunakohoa sisi.
Maktaba ilifugiwa kuku. Bafu lenye miguu ya simba
likawa hori la ndama.
Sitaipamba. Paa lilivuja, msala tuligombania,
na mtu mmoja, simtaji, wanawe wako hai,
aling'oa ngazi ya mbele kidato kwa kidato
akamuuzia mtengeneza majeneza wa Nakuru.
Tangu siku hiyo sisi wenye hisa
tukawa tunapanda kwa ngazi ya watumishi.

Hisa tulikuwa nayo: karatasi ya kijani, mhuri wa jembe.
Hati hatukuwa nayo.
Tofauti ya maneno hayo mawili tulifundishwa
asubuhi moja ya Aprili, mvua ikinyesha,
vyombo vyetu vikiwa vimerundikwa kwenye nyasi.

Siku hizi ni hoteli. Nimelipa shilingi mia sita kwa chai
niketi kwenye kiti cha ngozi
juu ya alama ya tatu, kama sijakosea kuhesabu.
Ukutani, ndani ya fremu, historia ya nyumba:
1926. 1949. 1961.
Halafu 2009, "ilipookolewa".
Miaka arobaini na minane imerukwa kama dimbwi.

Mhudumu, kijana mpole, kibao cha Kiptanui kifuani,
ameniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kufika.
Mguu wangu ulikuwa tayari kwenye pindo la zulia.
Nikamwambia chai imepoa.
Akachukua birika, akashuka jikoni,
nami nikamsikiliza kwenye ile ngazi ya nyuma:
upande upande,
na kidato cha tisa, kilichopasuka tangu enzi ya mama,
akakiruka.